Kiyoyozi katika gari la zamani: Turwa inunue hewa safi, si baridi

MWENYE gari la zamani katika kata ya Turwa, mjini Tarime, anayefikiria kufunga kiyoyozi ana swali moja la kujibu kabla ya kumwona fundi: nani atakilipia? Kama jibu ni abiria au mteja anayekodi gari, hesabu inaweza kukubali. Kama jibu ni yeye mwenyewe, kwa sababu tu majirani wamefunga, fedha hizo zitafanya kazi bora zaidi zikiingia kwenye injini, breki na matairi.

Swali hilo lina uzito wa pekee Tarime kwa sababu mji huo si wa joto. Uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Musoma na Mwanza, zilizo kando ya Ziwa Victoria, ziko mita 1,140 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzijoto 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo Tarime hupata nafuu ya nyuzi 2 hivi kuliko miji ya ziwani, na asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti. Mwenye gari anayezunguka kati ya Turwa, stendi na soko hana sababu ya kununua baridi. Anayo bure.

Lakini biashara ya magari ya Turwa haiishii mjini. Upande mmja iko Sirari, mpakani na Kenya. Upande wa pili ziko Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti na njia ya kwenda lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti. Upande wa tatu barabara kuu hushuka hadi daraja la Kirumi katika mto Mara, kisha Musoma na Mwanza. Katika safari hizo adui wa abiria ni wawili: joto la tambarare na vumbi la barabara za changarawe.

Vumbi ndilo linalobadilisha hesabu. Gari lisilo na kiyoyozi humlazimisha abiria kuchagua kati ya kufunga vioo na kuchemka, au kuvifungua na kula vumbi. Kiyoyozi humwezesha kufunga vioo na kuzungusha hewa ya ndani. Mteja anayefika kwenye mkutano mgodini au hotelini akiwa na shati safi hulipia jambo hilo, na hukumbuka dereva aliyemfikisha.

Ipo faida nyingine inayosahaulika. Kiyoyozi hukausha hewa kabla ya kuiingiza ndani. Wakati wa mvua, au asubuhi ya ukungu, kioo cha mbele kinachoganda mvuke husafika kwa muda mfupi kikipulizwa hewa kavu. Kwa gari linaloondoka Tarime alfajiri likiwa limejaa abiria waliolowa, huo ni usalama, si anasa.

Magari ya aina mbili

Kiyoyozi si jambo geni katika magari. Kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kukiuza kikiwa kimefungwa kiwandani mwaka 1939. Hata hivyo, kwa miongo mingi kilibaki kitu cha kuongezwa kwa malipo ya ziada, ndiyo maana magari mengi ya kazi yaliyoletwa Afrika Mashariki, kama Land Rover na Land Cruiser za serikali, misheni na miradi, yalikuja bila hicho.

Mwenye gari hana budi kujua gari lake liko kundi lipi. Kundi la kwanza ni la magari yaliyotoka kiwandani na kiyoyozi lakini kimekufa. Hapo mabomba, kasha la ndani ya dashibodi na nyaya vipo, na kazi ni ya kufufua. Kundi la pili ni la magari ambayo hayakuwahi kuwa nacho. Hapo kila kitu kinaanza upya: kompresa na kishikizo chake kwenye injini, puli na mkanda, kondensa mbele ya rejeta, risiva ya kukausha unyevu, valvu ya kupanua gesi, evaporeta na feni yake ndani ya gari, mabomba, swichi za presha na nyaya.

Kwa kundi la pili, njia yenye gharama nafuu ni kuuliza kama gari la aina hiyo hiyo, lenye injini hiyo hiyo, liliwahi kuuzwa na kiyoyozi katika nchi nyingine. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, ni mfano mzuri: ziliuzwa kwa wingi katika nchi za Ghuba, ambako gari bila kiyoyozi haliuziki. Kishikizo cha kompresa na kasha la dashibodi la gari kama hilo hukaa mahali pake bila kuchomelea. Pale ambapo hakuna kifaa cha kiwandani, mafundi wengi hutumia kompresa ya kufaa magari mbalimbali, kama ile ya Sanden SD-508 ya Japani yenye pistoni tano, na kutengeneza kishikizo. Kishikizo kibovu ndicho chanzo cha mikanda inayokatika kila mwezi. Puli ya kompresa isipolingana na ile ya injini, hata kwa upana wa ukucha, mkanda hauwezi kudumu.

Injini kwanza

Makosa ya gharama kubwa hufanyika kabla ya gesi kuingizwa. Kondensa hukaa mbele ya rejeta na kutoa joto lake kwenye hewa ile ile inayotakiwa kupooza injini. Gari ambalo tayari sindano yake ya joto hupanda kwenye mlima litachemsha likifungwa kiyoyozi. Mpando kutoka Kirumi kuja Tarime, gari likiwa limejaa, ni kipimo cha haki: likiupanda mchana bila sindano kusogea, rejeta inafaa. Likishindwa, rejeta isafishwe au ibadilishwe, kifuniko chake cha presha kikaguliwe, na klachi ya feni ipimwe. Isisahaulike kuwa katika mwinuko wa mita 1,500 maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta kisichoshika presha huonekana mapema zaidi Tarime kuliko Dar es Salaam.

Mwinuko huo huo hupunguza nguvu. Hewa ya Tarime ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na tabochaja hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kompresa nayo huchukua sehemu yake. Kwa injini ndogo iliyochoka, abiria watahisi gari limefungwa kamba nyuma. Dereva mzoefu huzima kiyoyozi mlimani na kukiwasha tena juu.

Umeme ni jambo la tatu. Klachi ya sumaku ya kompresa hula ampea 4 hivi katika gari la volti 12, lakini ikijumlishwa na feni ya ndani na feni ya kondensa, mzigo unaweza kuvuka ampea 20. Magari mengi ya zamani yana altaneta ndogo ambayo, usiku wa mvua, tayari inahudumia taa na waipa. Nyaya za kiyoyozi zipite kwenye rilei na fyuzi yake yenyewe, zisidandie nyaya za taa. Aidha, baadhi ya Toyota Coaster na Land Cruiser za dizeli zilizotoka soko la Japani zina umeme wa volti 24. Klachi na feni za volti 12 zikifungwa humo huungua siku hiyo hiyo.

Suala la gesi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, iliyojulikana kwa jina la biashara la Freon. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliweka ratiba ya kuiondoa duniani. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1993. Nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha kwa matumizi yao kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. Mwenye gari la mwaka 1988 anayeambiwa kuwa ipo R-12 halisi ya bei poa ana sababu ya kutia shaka kilichomo kwenye mtungi.

Gesi iliyochukua nafasi yake ni R-134a. Haiharibu ozoni, lakini haifai kumiminwa tu juu ya mfumo wa zamani. Kwanza, mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa za R-12 hayachanganyiki na R-134a, hivyo kompresa hukauka na kufa. Mafuta ya zamani yatolewe, mfumo usafishwe, na yawekwe mafuta ya esta yanayovumilia mabaki ya yale ya zamani. Pili, oringi na hosi za zamani huvujisha gesi mpya, kwa hiyo zibadilishwe. Tatu, risiva ya kukausha unyevu iwe mpya kila mfumo unapofunguliwa. Nne, kipimo ni kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari. Kuzidisha hakuongezi baridi, huongeza presha.

Kabla ya gesi kuingia, mfumo uvutwe hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, kisha geji iachwe ili ionekane kama sindano inarudi. Sindano ikirudi, pana tundu. Fundi asiye na pampu ya vakyumu na geji mbili hafungi kiyoyozi, bali anauza gesi. Hewa na unyevu vilivyobaki ndani hupunguza ubaridi, huganda kwenye valvu, na baada ya muda hutengeneza asidi inayokula chuma.

Hatari kubwa zaidi ni ya gesi ya kupikia. Ni kweli kuwa gesi za jamii hiyo hupoza vizuri, na baadhi ya majokofu ya nyumbani hutumia gesi za namna hiyo kwa kiasi kidogo. Lakini katika gari la zamani, evaporeta iko ndani walimo abiria. Bomba likipasuka kwa mtikisiko au ajali, gesi inayowaka hujaa katika chumba kilichofungwa vioo, chenye swichi na nyaya kuukuu. Aliyeokoa fedha kidogo kwenye mtungi amepakia moto pamoja na abiria. Rahisi ni ghali.

R-134a nayo haina maisha ya milele. Nguvu yake ya kuongeza joto duniani hukadiriwa kuwa mara 1,430 ya hewa ya ukaa, na katika nchi za Umoja wa Ulaya haikuruhusiwa katika magari mapya kuanzia mwaka 2017. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yameweka ratiba ya kuipunguza: nchi nyingi zinazoendelea zilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza kwa asilimia 10 mwaka 2029 na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. Kwa mfanyabiashara maana yake ni moja. Gesi haitarajiwi kuwa rahisi miaka ijayo, na mfumo usiovuja ndio akiba. Anayejaza gesi kila baada ya miezi mitatu hana kiyoyozi, ana deni.

Spea: Nairobi au Dar es Salaam?

Turwa iko kati ya masoko mawili. Kupitia Sirari, mnunuzi anaweza kufika Nairobi, ambako Barabara ya Kirinyaga imejaa maduka ya spea. Kwa upande wa ndani iko Kariakoo na mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambako mzigo husafiri kwa basi hadi Tarime. Nairobi ni karibu zaidi, lakini ukaribu usichanganywe na bei.

Wapo wanaodhani kuwa kila kinachotoka Kenya huingia bila ushuru kwa kuwa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005. Nafuu hiyo, pamoja na utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kompresa iliyotengenezwa Japani au China haibadiliki kuwa ya Kenya kwa kulala Nairobi. Ushuru na kodi ya ongezeko la thamani viingizwe katika bei kabla ya kulinganisha.

Kuhusu mtumba, kondensa na evaporeta zilizotumika zinaweza kufaa zikipimwa kwa presha ya naitrojeni na kuonekana hazivuji. Kompresa ya mtumba ni bahati nasibu. Ikiwa ilikufa kwa kusagika, vumbi lake la chuma husambaa katika mfumo mzima na kuua hata vifaa vipya. Mnunuzi azungushe shafti kwa mkono, atazame rangi ya mafuta, na asikubali kompresa iliyokaa matundu wazi.

Hesabu yenyewe

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kukokotoa, si bei ya soko. Kila mmoja aweke za kwake.

Chukulia kazi nzima, pamoja na marekebisho ya rejeta na altaneta, imegharimu Sh. 3,000,000. Gari hukodishwa kwa safari ya kilomita 400, kwenda na kurudi, na mteja huongeza Sh. 60,000 kwa sababu kuna kiyoyozi. Gari hula lita 14 kwa kilomita 100, yaani lita 56 kwa safari. Kiyoyozi kikiongeza asilimia 10, ni lita 5.6, ambazo kwa bei ya Sh. 3,000 kwa lita ni Sh. 16,800. Kinachobaki ni Sh. 43,200 kwa safari.

Kwa safari nne kwa mwezi, mwaka huingiza Sh. 2,073,600. Toa Sh. 200,000 za matengenezo ya mwaka, zinabaki Sh. 1,873,600, na mtaji hurudi katika miezi 19 hivi. Kwa safari moja tu kwa mwezi, mwaka huacha Sh. 318,400, na mtaji huhitaji zaidi ya miaka 9 kurudi. Gari la zamani halina ahadi ya miaka 9.

Asilimia 10 ya mafuta si ya kuitegemea kwa kila safari. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa katika joto kali, hasa kwa safari fupi, kiyoyozi kinaweza kupunguza umbali gari linaokwenda kwa lita moja kwa zaidi ya asilimia 25. Safari fupi za mjini ndizo zenye hasara kubwa.

Kwa hesabu hiyo wateja wanajitenga wenyewe. Gari la kukodi kwa wakandarasi wa Nyamongo, au la kupokea wageni uwanja wa ndege wa Mwanza, lina mlipaji. Hiace ya abiria ina nafasi finyu, kwa kuwa nauli za kawaida hupangwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, na abiria wa kijiji hadi kijiji hataongeza senti kwa ajili ya ubaridi huku mlango ukifunguliwa kila kituo.

Gari la watalii linahitaji fikra zaidi. Likiwa ndani ya hifadhi, paa limeinuliwa na wageni wamesimama wakitazama wanyama, kiyoyozi hakipozi chochote. Faida yake ni kwenye safari ya kufika langoni na kurudi. Mwenye gari auze kiyoyozi kwa kilomita hizo, na dereva akizime paa linapofunguliwa.

Baada ya kufunga

Matunzo Tarime yana mambo matatu. Vumbi huziba evaporeta, na magari mengi ya zamani hayana chujio la hewa ya ndani. Kwa hiyo evaporeta na kondensa zisafishwe kila baada ya kiangazi, na raba za milango zibadilishwe, la sivyo vumbi litaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Katika miezi ya baridi kiyoyozi kiwashwe dakika 10 kila wiki ili mafuta yazunguke na sili ya kompresa isikauke. Na gari lililojaa watu lisizungushe hewa ya ndani safari nzima. Kila baada ya muda, pale vumbi linapotulia, hewa ya nje iruhusiwe kuingia ili dereva asisinzie.

Kuhusu fundi, VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, hufundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na mwenye gari ana haki ya kuuliza fundi alijifunzia wapi. Makubaliano yaandikwe: aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, aina ya mafuta, vifaa vipya na vya mtumba, na muda wa dhamana dhidi ya kuvuja. Baada ya kazi, kibandiko chenye R-134a na kiasi chake kigandishwe chini ya boneti, ili fundi wa Musoma au Mwanza asije akachanganya gesi nyingine siku gari litakapoharibikia njiani.

Utaratibu unaofaa kwa mwenye gari wa Turwa ni kuanza na daftari la safari. Ahesabu kwa miezi mitatu ni wateja wangapi waliouliza kiyoyozi na ni wangapi waliokwenda kukodi kwa mwingine kwa kukikosa. Wakifika safari tatu au nne kwa mwezi, aende kwa fundi wa rejeta kwanza, kisha wa umeme, na wa gesi mwisho. Wasipofika, afunge vioo kwenye vumbi, avifungue Tarime.